Walaji wa Mafuta Wasioonekana

Ukisikia neno bakteria, bila shaka unawaza kipindupindu au jino lililooza. Lakini si bakteria wote walio maadui wetu. Wako wanaotusafishia mazingira, tena hawadai mshahara!

Tuchukue mfano wa Alaska, Marekani. Tarehe 24 Machi 1989, meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba ikamwaga baharini takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Inakadiriwa kwamba ndege wa baharini 250,000 walikufa. Fukwe za mawe zikawa nyeusi tititi.

Wanasayansi walipochunguza, kumbe walaji wa mafuta walikuwa papo hapo ufuoni! Tangu zamani mafuta huvuja yenyewe kutoka chini ya bahari, na kuna bakteria waliozoea kuyala. Kwao mafuta ni chakula. Huyavunjavunja hadi yakageuka maji na gesi ya kabonidayoksaidi.

Haya, mbona basi hawakuyamaliza upesi? Fikiria mtu aliyepakuliwa ugali mlima mzima bila mboga. Mafuta yana kaboni tele, lakini ili bakteria wakue na kuzaana wanahitaji pia nitrojeni na fosforasi. Vitu hivyo vilikuwa haba ufuoni. Basi wataalamu wakatia mbolea yenye nitrojeni na fosforasi kwenye fukwe, vile mkulima afanyavyo shambani. Bakteria wakaongeza kasi ya kula.

Hata hivyo, tusishangilie mno. Bakteria hawa wanahitaji pia oksijeni. Mafuta yaliyojipenyeza chini ya mawe, ambako hewa ni kidogo, yaliliwa polepole sana. Mwaka 2001, miaka 12 baada ya ajali, watafiti walichimba fukwe hizo wakayakuta mafuta yangalipo.

Je, sisi tunajifunza nini? Ukimwaga oili chafu ya gari mtaroni, usiseme, "Bakteria watajua wenyewe." Huenda huko chini hawana hewa wala nitrojeni ya kutosha. Tena kuna sumu, kama madini ya risasi, ambayo hakuna bakteria awezaye kuivunjavunja. Bakteria ni wasaidizi wetu, si watumwa wetu. Kazi ya kwanza ni yetu: tusichafue. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.