Bastola ya Fataki Ikikwama Siku ya Idi

Wadogo zangu wa Konde, Pemba, sogeeni tuzungumze. Skukuu ikifika, mtoto akishapokea mkono wa Idi, hela haikai mfukoni. Wa kike atataka bangili na hina, wa kiume atakwenda moja kwa moja kwenye bastola ya fataki, ile ya kuchezea. Najua wapo miongoni mwenu wasiotaka kuiona kabisa ndani ya nyumba zao, na mimi sibishani nao. Lakini mtoto mwenye hela yake mkononi akishafika uwanja wa skukuu hamuulizi mama. Kwa hiyo ni bora tuijue bastola yenyewe, na zaidi tujue la kufanya inapokwama.

Nimelichagua hilo la kukwama kwa sababu. Bastola ikilia vizuri, mtoto huielekeza hewani, anacheka, basi. Ikigoma ndipo hatari inapoanza. Ataigeuza mdomo umtazame usoni ili achungulie ndani. Ataichokoa kwa msumari. Au ataing'oa ile pete ya fataki na kuiponda kwa jiwe barazani, na wenzake wamemzunguka wameinama kutazama.

Ile pete ya plastiki, ambayo mara nyingi ni nyekundu na ina vikombe vinane, ina chembe ya dawa ndani ya kila kikombe. Kwa kawaida huwa ni klorati ya potasiamu iliyochanganywa na fosforasi nyekundu. Dawa hii haingoji kiberiti. Ikigongwa au ikisuguliwa, inawaka.

Na kukwama huku kuna historia. Mwaka 1807 mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alipata hataza ya kuwasha baruti ya bunduki kwa dawa inayolipuka ikigongwa. Baadaye dawa hiyo ikatiwa ndani ya kofia ndogo ya shaba, ndiyo fataki ya gobori waliyoijua wazee wetu. Samuel Colt wa Marekani alipopata hataza ya bastola yake ya kuzunguka mwaka 1836, kila tundu la baruti lilikuwa na kifa chake, kile kijibomba cha kuvishia fataki, na kila kifa kilivishwa fataki. Tatizo lake lilikuwa moja: fataki ikishapasuka, vipande vya shaba viliweza kudondoka ndani ya mtambo, na bastola ikagoma kuzunguka. Hadi leo mafundi wa Gardone Val Trompia, Italia, wanatengeneza nakala za bastola hizo kwa wapenzi wa silaha za kale, na wanaozitumia bado wanapambana na vipande vilevile. Wanachagua fataki inayokaa sawasawa kwenye kifa, wanainua mdomo wa bastola juu wanapovuta nyundo ili mabaki yaangukie nje, na wanasafisha masizi kila wamalizapo.

Mambo mawili kati ya hayo yanatufaa sisi: fataki ikae sawasawa, na masizi yasafishwe.

Tuanze dukani. Nunua bastola na pete zake mahali pamoja, na umwombe muuzaji avishe pete moja mbele yako. Zipo pete za fataki nane na zipo za kumi na mbili, na moja haifai kwenye bastola ya mwenziwe. Pete inatakiwa ilale bapa, kila kikombe kikiwa kimeingia hadi mwisho. Ikilegea, kikombe huinuka kinapopigwa na kuzuia pete isizunguke. Ikibana mno, mtoto ataigonga ili iingie, na hapo italipuka vidoleni mwake.

Kisha unyevu. Miaka hii Idi ya mwezi wa Ramadhani inaangukia karibu na masika, na hewa ya Pemba mnaijua. Weka fataki ndani ya boksi lake, na boksi ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, mbali na jiko. Iliyoloa usiianike juani wala usiikaushe motoni. Itose kwenye maji mpaka ilowane kabisa, uitupe.

Masizi nayo ni adui. Fosforasi iliyoungua hunyonya unyevu ikageuka asidi, na springi ikashika kutu. Jioni, bastola ikiwa tupu, isugue kwa mswaki mkuukuu, ipitishie kitambaa kibichi, ikaushe, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani pale nyundo inapochezea. Mafuta yasifike kwenye fataki.

Ikikwama, ipokee wewe mtu mzima. Elekeza mdomo chini, ngoja kidogo, ifungue, utoe pete nzima kwa vidole. Kisu wala msumari usitumie kabisa. Ikikataa kutoka, itumbukize bastola nzima kwenye ndoo ya maji uiache mpaka fataki zilowe. Ikiharibika, iharibike; jicho la mtoto halinunuliki uwanjani.

Kwenye maboksi ya fataki zinazofuata kanuni za Ulaya huandikwa onyo kwa lugha ambazo wengi wetu hatuzisomi. Linasema hivi: usifyatue ndani ya nyumba wala karibu na macho na masikio, na usibebe fataki zikiwa huru mfukoni. Hayo ya mfukoni yachukueni kwa uzito. Pete zikisuguana na sarafu zinaweza kuwaka kwa pamoja, na suruali mpya ya Idi ikaungua pamoja na paja la mtoto. Kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 1999 kwamba kishindo kinachomfikia mtoto kisizidi desibeli 120, na bastola ya fataki ikilia karibu na sikio inaweza kuvuka hapo.

Chembe ya masizi ikimwingia mtoto jichoni, asilifikiche, wala usimkamulie maziwa ya mama. Osha kwa maji safi mengi, kisha mpeleke hospitali, Micheweni au Wete. Kama kuna kipande kilichochoma jicho, usikiguse na usioshe. Likinge jicho bila kulibana, muondoke saa hiyohiyo.

Usiku wa kuamkia skukuu mosi, mkae na watoto wenu, muwaonyeshe kwa mikono yenu pete inavyovishwa. Muwape na sharti: bastola ikikwama, iletwe nyumbani kama ilivyo, na atakayeileta asigombezwe.