Kwa Nini Wanafalaki Hupima Sayari kwa Mshtarii

Muuzaji wa mahindi sokoni hahitaji kujua kilo. Anachukua debe, anajaza, anahesabu: moja, mbili, tatu. Mnunuzi naye anaridhika, kwa sababu wote wawili wanalijua debe. Wanafalaki hufanya vivyo hivyo. (Tuelewane: wanafalaki ni wataalamu wa elimu ya nyota, si wapiga ramli.) Wakigundua sayari kubwa inayozunguka nyota ya mbali, hutuambia kwamba tungamo lake ni "Mshtarii 2" au "nusu Mshtarii". Sayari hiyo, ambayo wengi wetu tuliijua shuleni kwa jina la Jupita, ndiyo debe lao.

Tungamo, tukumbushane, ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Si upana wa umbo lake. Tungamo la Mshtarii ni kilo 1,898 zikifuatiwa na sifuri 24. Ni sawa na Dunia 318, na ni zaidi ya mara mbili ya sayari nyingine zote za Jua zikijumlishwa. Kwa debe hili Zohali ni 0.3, Dunia yetu ni 0.003 tu, na Jua ni 1,047.

Je, sababu ni kukwepa sifuri nyingi? Ndiyo, lakini hiyo ni sababu ndogo. Iliyo kubwa ni kwamba angani uwiano hujulikana kabla ya kilo. Tufanye hesabu tuone.

Kitu kinachozunguka kingine hutufunulia tungamo la kile kilicho katikati. Tunachukua umbali kwa kipeo cha tatu, tunaugawanya kwa muda wa mzunguko kwa kipeo cha pili. Jibu hukua sawasawa na tungamo la katikati. Kwa Jua tuitumie Dunia: umbali kilomita milioni 149.6, muda siku 365.25. Kwa Mshtarii tumtumie Kalisto, mmoja wa miezi minne ambayo Galileo Galilei aliiona Januari 1610: umbali kilomita milioni 1.883, muda siku 16.69.

Umbali wa Kalisto ukigawanywa kwa ule wa Dunia ni 0.012587, kipeo cha tatu chake ni 0.000001994. Siku za Dunia zikigawanywa kwa siku za Kalisto ni 21.88, kipeo cha pili, 478.9. Tukizidisha majibu haya mawili tunapata 0.000955, yaani sehemu moja ya 1,047 ya Jua. Hatukugusa mizani, wala kilo haikuingia popote.

Isaac Newton alipita njia hii hii. Katika toleo la tatu la kitabu chake Principia, mwaka 1726, aliandika sehemu moja ya 1,067. Kwa vyombo vya siku zile, si haba hata kidogo! Lakini kilo za Mshtarii hakuweza kuzijua. Ilibidi kusubiri jaribio la Henry Cavendish la mwaka 1798, aliyepima mvutano hafifu sana kati ya matufe ya risasi ndani ya chumba. Hata leo namba ile ya uvutano, inayoandikwa G, ni ngumu kuipima, na uwiano wa Mshtarii na Jua unajulikana kwa usahihi mkubwa kuliko kilo zake. Anayegeuza debe kuwa kilo anaongeza shaka ambayo haikuwepo.

Sasa twende mbali zaidi. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya nyota 51 Pegasi. Huzunguka kwa siku 4.2 tu, na tungamo lake ni angalau karibu nusu ya Mshtarii. Neno "angalau" lisomwe kwa makini. Sayari yenyewe haikuonekana. Kilichoonekana ni nyota ikiyumba, na sisi tunapima ule mwendo wa kutujia na kututoroka peke yake. Mzunguko ukiwa umetuelekea kama sahani iliyosimamishwa mbele ya macho, sehemu kubwa ya kuyumba hutupita bila kupimwa, na tungamo la kweli huwa kubwa kuliko lililoandikwa.

Hilo lilitokea. Mwaka 1989 kitu kinachozunguka nyota HD 114762 kilitangazwa kuwa na angalau Mshtarii 11, na kwa miaka mingi wapo waliokihesabu kuwa huenda ni sayari. Vipimo vya chombo cha Gaia vilionyesha kwamba tungamo lake linapita Mshtarii 100. Ni nyota ndogo.

Mpaka upo wapi basi? Kuanzia karibu Mshtarii 13, kitu huweza kuunguza deuteri ndani yake, nacho huitwa kibete kahawia. Kuanzia kama 75 hadi 80, huunguza hidrojeni kwa kudumu, na hapo ni nyota kamili. Msidhani kwamba upana nao hupanda hivyo: chenye Mshtarii 10 huwa na upana unaokaribia ule wa Mshtarii mwenyewe, kwa kuwa maada yake imebanwa zaidi.

Kwa mazoezi: mwezi Titani huzunguka Zohali kwa siku 15.95, kwa umbali wa kilomita milioni 1.222. Rudieni hatua za Kalisto, kisha gawanyeni jibu kwa 0.000955. Mkipata karibu 0.3, mmeipima Zohali kwa debe.