SOMO LA FAMILIA: Kumlea Mtoto Bila Kumfutia Kwao

Katika makazi yetu zipo nyumba nyingi ambamo yumo mtoto ambaye hakuzaliwa humo. Mmoja ni wa dada aliyefariki, mwingine ni wa jirani aliyepotezana na wenzake njiani, na mwingine hatujui hata jina la kijiji chake. Watoto hawa wanahitaji chakula na mahali pa kulala, lakini wanahitaji pia jambo jingine ambalo tutalieleza katika somo hili.

Mfano wetu unatoka mbali, katika mchezo wa kuigiza wa televisheni wa Australia. Nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu, maana imepokea wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Tumeuchagua mchezo huo kwa sababu tangu mwanzo umehusu nyumba inayolea watoto wa watu wengine, na ndani yake tunaweza kuwalinganisha walezi.

1. Mchezo wenyewe

Unaitwa Home and Away. Wanaopenda mpira watauelewa upesi: ni nyumbani na ugenini. Ulianza kuonyeshwa tarehe 17 Januari 1988, na umeendelea kwa zaidi ya miaka 35. Mambo yote hutokea Summer Bay, mji wa kubuni ulio kando ya bahari. Picha zake za ufukweni hupigwa Palm Beach, kaskazini mwa Sydney.

Aliyeubuni ni Alan Bateman. Wazo lilimjia alipopita katika mji mdogo wa jimbo la New South Wales. Aliwakuta wenyeji wamekasirika kwa sababu nyumba ya kulelea watoto wasio na wazazi, waliotoka mji mkubwa, ilikuwa inajengwa kwao. Bateman akajiuliza watoto hao wangeishije mahali ambapo hawakutakiwa. Sisi tunaoishi ugenini hatuna haja ya kufafanuliwa swali hilo.

2. Tom na Pippa: waliokubaliana tangu mwanzo

Walezi wa kwanza ni Tom na Pippa Fletcher. Tom anapoteza kazi mjini, na familia inahamia Summer Bay kuendesha uwanja wa karavani, yaani nyumba ndogo za magurudumu ambazo wageni hukodi. Wanafika na watoto watano wa kulea: Frank, Carly, Steven, Lynn na Sally mdogo. Baadaye anaongezeka Bobby, msichana mkaidi ambaye mji mzima umekwisha kumhukumu.

Nguvu ya Tom na Pippa ni makubaliano. Hakuna mmoja aliyeleta watoto na mwingine akavumilia tu. Wote wawili waliamua, na kila mtoto alijua hivyo. Bobby alipolaumiwa na watu wa mji, nyumbani alikuwa na watu wawili wa kumtetea. Hata Pippa alipomzaa Christopher, mtoto wake mwenyewe, wale wengine hawakugeuka wageni.

Hapa tujipime. Kwetu mara nyingi mtoto huletwa na upande mmoja: ni wa kaka yake mume, au wa dada yake mke. Yule wa upande wa pili hukubali kwa mdomo, lakini moyoni anahesabu vikombe vya unga. Mtoto huliona jambo hilo kabla ya mtu mzima yeyote. Afadhali mume na mke wakae wazungumze waziwazi siku ya kwanza, kuliko manung'uniko ya miaka mitano.

3. Pippa na Michael: mlezi anayekuta nyumba imejaa

Mwaka 1990 Tom anafariki kwa ugonjwa wa moyo. Pippa anabaki na watoto, na baadaye anaolewa na Michael Ross. Wasomaji watapenda kujua kwamba Debra Lawrance, aliyeigiza kama Pippa tangu mwaka huo, na Dennis Coard, aliyeigiza kama Michael, ni mume na mke katika maisha yao halisi pia.

Kazi ya Michael ni ngumu kuliko ya Tom. Yeye hakuwachagua watoto. Amewakuta, na bado wanamlilia mlezi wao wa kwanza. Yeye naye ana mwana aliyemzaa kabla, Haydn. Kisha Michael na Pippa wanapata mtoto wao, Dale, ambaye anakufa usingizini akiwa mchanga. Pamoja na msiba huo, nyumba yao inaendelea kupokea watoto wengine. Mwaka 1996 Michael anakufa maji wakati wa mafuriko, akijaribu kumwokoa Sam, mtoto wa kulea.

Tukiwalinganisha, Tom ni baba aliyeanzisha nyumba, na Michael ni baba aliyeingia katika nyumba ya mwingine. Huyu wa pili hawezi kudai kupendwa kwa amri. Hupendwa polepole, kwa matendo. Wajane na wagane wengi katika makazi yetu wameoa au kuolewa tena, na watoto waliomo ni wa mafungu matatu au manne. Baba mpya asikasirike mtoto akimtaja marehemu. Anayemruhusu mtoto kumkumbuka wa kwanza ndiye atakayepewa nafasi ya pili.

4. John na Gina: waliopokea mtoto aliyekuwa mlezi

Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, anaingia kijana Jett, ambaye watu wanamwona mwizi. Kumbe alikuwa akimuuguza mama yake mgonjwa peke yake. John Palmer na mkewe Gina wanamchukua. Gina anafariki mwaka 2013, lakini John hamwachi kijana.

Jett anatufundisha kwamba mtoto mwingine huja akiwa amekwisha kuwa mtu mzima kabla ya wakati wake. Amepika, ameuguza, amezika. Tusimwite mkaidi kwa sababu hapokei amri upesi. Tumpunguzie mzigo kidogo kidogo mpaka akumbuke kucheza.

5. Irene: mama aliyeshindwa, kisha akalea

Irene Roberts hakuanza kama mlezi. Alikuwa mlevi aliyewatesa watoto wake, hata wakalelewa na watu wengine. Baadaye akaacha pombe, na kwa miaka mingi nyumba yake ikawa kimbilio la vijana wasio na pa kwenda. Basi tusiseme kwamba mama aliyeanguka hawezi kuinuka. Walezi wanaomtukana mzazi wa mtoto mbele ya mtoto wanajenga ukuta ambao kesho utakuwa mgumu kuubomoa.

6. Rafiki wa Sally

Tumeliweka mwisho jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Sally, yule mdogo, alipoteza wazazi wake. Alipofika kwa Tom na Pippa alikuwa na rafiki asiyeonekana, aliyemwita Milco. Alizungumza naye, na watu wakadhani ni mambo ya utoto. Sally akakua, akaitwa Sally Fletcher kwa jina la walezi wake, akawa mwalimu. Karibu miaka 20 baada ya mchezo kuanza, anatokea mtu mzima aitwaye Miles Copeland. Milco alikuwa mtu kweli! Ni pacha wake Sally, waliyetenganishwa naye wakiwa wadogo.

Hiyo ni hadithi tu, lakini mafunzo yake ni ya kweli. Pacha wawili walikuwa na majina mawili tofauti ya ukoo, na hakuna aliyejua kuwaunganisha. Katika makazi, kuna walezi wanaobadilisha jina la mtoto na kumwandikisha kama waliyemzaa wenyewe. Wengine hufanya hivyo kwa upendo, wengine kwa ajili ya kadi ya chakula au safari ya kwenda ng'ambo. Lakini mama akiwa hai mahali pengine, naye akimtafuta mwanawe kupitia Msalaba Mwekundu, atamtafuta kwa jina alilompa. Jina hilo likifutwa, njia imefungwa.

Mordekai alimlea Esta, binti wa jamaa yake, na Maandiko yametuhifadhia hata jina la baba yake aliyemzaa, Abihaili. Kulea hakukufuta ukoo.

Basi tunashauri hivi:

a) Mtoto aandikishwe kwa jina lake halisi na majina ya wazazi wake, kadiri anavyoyakumbuka.

b) Anachokisema kuhusu kwao kiandikwe katika daftari, hata kama ni wimbo, jina la mto, au jina la utani la kaka yake. Tusikicheke.

c) Ndugu wa tumbo moja wasigawanywe katika nyumba mbalimbali ikiwa inawezekana kuwaweka pamoja.

d) Kazi za nyumbani zigawanywe sawa. Mtoto wa kulea asiwe ndiye pekee wa kuchota maji wakati wengine wako shuleni.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, sisi mume na mke tulikubaliana wote wawili kumpokea mtoto huyu? Kama bado, tuzungumze lini?

2. Mtoto anaruhusiwa kuwataja wazazi wake mezani bila sisi kununa?

3. Tukiulizwa leo na ofisi ya kutafuta jamaa waliopotezana, tungeweza kusema nini juu ya kwao?

4. Siku ndugu zake wakipatikana, tutafurahi pamoja naye, au tutaona tumeibiwa?

Swali hili la nne tusilijibu haraka. Mlezi mwema humpa mtoto nyumbani hapa ugenini, na mlango wa kwao humwachia wazi.