Kopo la kimea linaficha nini?

Nasomea ualimu wa kemia na biolojia, na kama wenzangu wengi nasubiri kwenda TP. Mada moja inayoniumiza kichwa ni uchachushaji. Wanafunzi wanaikariri kama wimbo: sukari, hamira, pombe, kaboni dayoksaidi. Ukiwauliza sukari yenyewe imetoka wapi, kimya.

Katika kutafuta mfano nimekutana na seti za kutengenezea bia nyumbani. Uingereza iliondoa leseni kwa watengenezaji wa nyumbani mwaka 1963; Marekani, Rais Jimmy Carter alisaini sheria ya kuwaruhusu mwaka 1978. Ndani ya seti kuna ndoo yenye mfuniko, kizibo cha maji kinachotoa hewa bila kuruhusu vijidudu kuingia, haidromita, dawa ya kusafishia vyombo, pakiti ya hamira, na kopo la rojo la kimea cha shayiri, mara nyingi likiwa limeshatiwa uchungu wa maua ya hopsi. Unaongeza maji mpaka lita 23 hivi, na sukari kama maelekezo yanataka, unatia hamira, unasubiri.

Kila kifaa hapo ni somo. Kizibo kikibubujika, unaiona kaboni dayoksaidi ikitoka. Haidromita ikisoma 1.040 mwanzo na 1.010 mwisho, chukua tofauti, 0.030, zidisha kwa 131: pombe ni karibu asilimia 3.9. Ukifunga chupa kabla hamira haijamaliza sukari, hewa inajaa na chupa inaweza kupasuka.

Ila kuna hatua haimo: wanga kugeuka sukari. Hiyo imeshafanyika kiwandani. Yaani kopo linakupa jibu bila kuonesha njia, na sote tunajua mwalimu wa hesabu anavyokata maksi hapo.

Njia hiyo iko wazi Kilimanjaro kwa wapika mbege. Ulezi unalowekwa, unaachwa uchipue, unaanikwa, unasagwa. Huo ndio kimea. Mbegu inapochipua inatengeneza vimeng'enya vya kukata wanga kuwa sukari. Baadaye unapikwa uji na kuchanganywa na ndizi zilizochachuka, na gome la msesewe linaleta uchungu, kazi ileile ya hopsi.

Sasa, pombe darasani? Hapana, na haihitajiki. Pika uji mzito wa mahindi, gawa vikombe vitatu, uache upoe mpaka uwe wa moto lakini hauchemki. Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia kijiko cha unga wa kimea. Cha tatu tia kijiko cha kimea kilichochemshwa kwanza. Koroga, subiri dakika kumi.

Kikombe cha pili kitakuwa chepesi, kinamiminika. Waulize kwa nini. Halafu waulize kwa nini cha tatu kimebaki kizito wakati nacho kina kimea. Atakayesema joto la kuchemsha limeharibu vimeng'enya ameelewa kitu ambacho kopo halimfundishi mtu.

Wengi wetu tutapangiwa shule zisizo na maabara. Ulezi, sufuria na vikombe vitatu vitapatikana. Anza kuchipusha siku kadhaa kabla ya kipindi, maana mbegu haina haraka ya ratiba yako.