SOMO LA AFYA: Tumbo Linalosumbua Muda Mrefu Lipimwe



Wako watu wengi kambini, na wengine wanaoishi Kampala, ambao tumbo linawasumbua kwa miezi, hata miaka. Leo wananunua vidonge vya alsa, kesho vya taifodi, keshokutwa vya minyoo. Pesa inakwisha na ugonjwa unabaki. Mara nyingi sababu ni moja: ugonjwa haujapimwa ukajulikana jina lake. Somo hili linakuonyesha namna ya kuutafuta.

1. DALILI ZISIZONGOJA

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona:
- Unatapika damu, au matapishi yanafanana na unga wa kahawa.
- Choo ni cheusi na chenye kunata kama lami, au kina damu. (Vidonge vya kuongeza damu pia hufanya choo kiwe cheusi. Mwambie daktari kama unavimeza.)
- Maumivu makali ya ghafla, na tumbo limekuwa gumu kama ubao.
- Macho yamekuwa ya njano.

Usikae nyumbani zaidi ya siku chache kama unakonda bila sababu, chakula kinakwama kooni, unahisi uvimbe tumboni, au umevuka miaka 50 na shida hii ni mpya. Saratani ya tumbo inaweza kuanza kama kiungulia cha kawaida. Ikigunduliwa mapema inaweza kutibiwa. Ikichelewa ni vigumu sana.

2. JIANDAE KABLA YA KUMWONA DAKTARI

Daktari ana watu wengi na dakika chache. Usiseme tu "tumbo linauma". Wengine wetu husema "moyo unauma" wakati maumivu yako kwenye chembe cha moyo, na mgonjwa hupimwa kifua bure. Weka kidole pale panapouma. Kisha eleza:
- Ilianza lini? Huja kabla ya kula au baada ya kula? Hukuamsha usiku?
- Choo kikoje: unahara, unafunga choo, au vyote kwa zamu?
- Umemeza dawa gani, hata za miti shamba? Beba pakiti zake. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo wengi humeza kwa maumivu ya mgongo, zinaweza kutoboa vidonda tumboni.
- Umewahi kuishi karibu na Ziwa Albert au Ziwa Victoria, ukaoga au kuvua humo? Kichocho cha tumbo kipo huko.

Kama muuguzi anajua Kiganda tu, sema "Olubuto lunnuma", maana yake tumbo linaniuma. Ukishindwa kuendelea, omba mkalimani. Usimtume mtoto akutafsirie habari za mwili wako.

3. VIPIMO NA MAANA YAKE

Choo. Hutafuta minyoo, amiba, giardia na kichocho. Peleka choo kibichi katika chombo kisafi, bila mkojo. Kipimo kimoja kikikosa kitu, si lazima iwe mwisho. Daktari anaweza kuomba tena siku nyingine, hata mara tatu.

Taifodi. Kliniki nyingi hutumia kipimo cha Widal. Kipimo hiki huangalia alama ambazo mwili umetengeneza, na alama hizo zaweza kubaki kutokana na ugonjwa wa zamani. Kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa ana taifodi kila mwezi wakati hana. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, nayo ichukuliwe kabla ya kumeza antibiotiki. Taifodi yenyewe si mzaha: mwaka 2015 Kampala ilipata mlipuko, na watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuugua. Lakini taifodi huja na homa. Tumbo linalochoma mwaka mzima bila homa litafutiwe sababu nyingine.

Vidonda vya tumbo. Zamani watu waliambiwa vidonda vinaletwa na pilipili na hasira. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kuotesha bakteria anayeitwa Helicobacter pylori kutoka kwenye tumbo la mgonjwa. Wengi hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall alimnywa bakteria huyo mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Leo bakteria huyo hupimwa kwa choo au kwa pumzi. Kipimo cha damu kinaweza kusema "yupo" hata baada ya kupona, kwa hiyo uliza ni kipimo gani umefanyiwa. Omeprazoli huficha bakteria huyu. Iache wiki mbili kabla ya kipimo, lakini kwanza muulize daktari. Dawa zake huwa za aina kadhaa pamoja, mara nyingi kwa siku 14. Ukiacha siku ya tano kwa sababu umepata nafuu, bakteria huzoea dawa.

Endoskopi. Ni bomba jembamba lenye kamera, hupitishwa mdomoni ili daktari aone ndani. Hutakiwi kula kwa saa kadhaa kabla. Haipendezi, lakini haichukui muda mrefu.

4. NJIA YA RUFAA

Anza kituo cha afya cha kambi. Kikishindwa, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, kama Mbarara au Hoima, na kutoka huko Kampala: Mulago au Kiruddu. Anayeishi Kampala aanze kituo cha serikali kilicho karibu, kwa mfano Kisenyi. Mkimbizi hutibiwa katika vituo hivyo kama raia. Tangu mwaka 2001 vituo vya serikali havitozi ada, isipokuwa vitengo vya kulipia; lakini dawa zikiisha utaambiwa ununue. Beba kitambulisho chako cha ukimbizi, barua ya rufaa na majibu yote ya zamani. Yaweke katika mfuko mmoja wa plastiki yasilowe.

5. "NI MAWAZO TU"

Wengi wetu tumepita vitani, na mawazo huumiza tumbo kweli. Lakini maneno hayo yaje baada ya kupimwa, si badala yake. Ukipimwa na kisionekane kitu, si kwamba unadanganya. Uliza: "Sasa tufanye nini?" Kuna dawa na kuna ushauri kwa tumbo la namna hiyo pia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kuna mtu katika mtaa wako anayerudia dawa za taifodi bila kupona? Utamshauri nini?
2. Taja dalili tatu zisizongoja.
3. Mfuko wako wa majibu ya hospitali uko wapi sasa hivi?

Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma.