Leja ya Kompyuta: Mahali pa Faili za Vifurushi katika Mfumo wa Linux

Kompyuta inayoendeshwa na mfumo wa Linux huwa na maelfu ya faili hata kabla mwenyewe hajaandika barua yake ya kwanza. Faili hizo haziingizwi mojamoja. Huletwa kwa vifurushi, na kila kifurushi hubeba programu pamoja na maelezo yake: jina, toleo, na majina ya vifurushi vingine ambavyo programu hiyo huvitegemea. Chombo kinachovipokea vifurushi, kuvifungua, kuvipanga na kuviondoa huitwa kidhibiti vifurushi. Katika Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na katika Ubuntu iliyochipuka kutoka humo, kazi hiyo imegawanywa kati ya programu mbili. APT huvitafuta vifurushi na kuvileta kutoka mbali. Dpkg huvifungua na kuviweka mahali pake.

Swali linalochunguzwa hapa ni hilo la mwisho: mahali pake ni wapi, na kwa nini?

Faili zote za Linux hukaa katika saraka, ambazo wengine huziita folda, nazo saraka zimepangwa kama matawi ya mti mmoja ambao mzizi wake huandikwa kwa mkwaju, yaani /. Mwanafunzi aufunguapo mti huo mara ya kwanza hukutana na majina mafupi kama etc, usr na var, na huenda akadhani kwamba yaliwekwa ovyo. Sivyo. Tarehe 14 Februari 1994 ulitolewa waraka wa kwanza wa kanuni za mpangilio huo, na toleo la 3.0 la kanuni hizo, ambazo hujulikana kwa kifupi kama FHS, lilitoka mwaka 2015. Kanuni huuliza juu ya kila faili: je, hubadilika kompyuta inapoendelea na kazi, au hukaa vilevile mpaka msimamizi aiguse? Je, yaweza kutumiwa na kompyuta kadhaa kwa pamoja, au ni ya kompyuta hiyo peke yake? Kwa upande wa vifurushi liko swali jingine lenye uzito zaidi: faili hiyo ikipotea, yaweza kupatikana tena?

Tuchukue mfano wa kifurushi kidogo kiitwacho hello, ambacho kazi yake ni kutoa salamu tu. Msimamizi akitoa amri kiletwe, APT husoma kwanza /etc/apt, mahali palipoandikwa vyanzo vya vifurushi. Kisha hutazama orodha za vifurushi vilivyopo, zinazowekwa katika /var/lib/apt/lists. Kifurushi chenyewe kikifika hutuliwa katika /var/cache/apt/archives. Hapo dpkg hukifungua: programu huingia /usr/bin, na maelezo yake huingia /usr/share/doc/hello. (Jina usr lisimpotoshe msomaji, zamani, katika mfumo wa Unix, saraka hiyo ilikuwa makao ya watumiaji, lakini leo ni makao ya programu.) Mwishowe dpkg huandika katika /var/lib/dpkg kwamba kifurushi kimepokelewa, ni cha toleo gani, na kila faili yake imewekwa wapi.

Saraka hiyo ya mwisho ndiyo leja ya kompyuta. Mtunza bohari wa shule akipoteza leja yake, magunia ya sukari hayatoweki, yamo palepale. Ila hakuna tena ajuaye ni mangapi, yaliingia lini, wala lipi lilikwisha kulipiwa. Hali kadhalika kompyuta iliyopoteza /var/lib/dpkg huendelea kufanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Programu hufunguka kama kawaida, lakini kidhibiti hakiwezi tena kujua ni zipi zilizomo. Kasoro ya usalama ikigunduliwa na marekebisho yakatolewa, kompyuta hiyo haitayapokea, kwa kuwa haijui kuwa inayahitaji.

Jambo hili si la kubuni tu kwa shule yenye kompyuta kuukuu. Diski ndogo hujaa, na mtu atafutaye nafasi huiona saraka ya var imevimba. Humo ndani, /var/cache na /var/lib hukaa jirani, lakini hukumu zake ni tofauti kabisa. Vilivyomo katika /var/cache, kwa mujibu wa kanuni, vyaweza kufutwa bila hasara, maana vinaweza kupatikana upya. Amri ya apt-get clean huviondoa vifurushi vilivyokwisha kufunguliwa, na hakuna programu itakayoharibika. Vilivyomo katika /var/lib ni hali ya kompyuta yenyewe. Leja ya kompyuta moja haiwezi kuazimwa kwa nyingine, wala haipatikani mtandaoni. Kwa bahati njema Debian huweka nakala za siku zilizopita za sehemu kuu ya leja katika /var/backups. Nazo zikikosekana, majina ya saraka ndogo zilizomo katika /usr/share/doc humsaidia msimamizi kukisia ni vifurushi gani vilikuwapo. Ni kazi ya kuchosha.

Mpangilio huu vilevile huamua nani aandike wapi. Mwalimu aliyejitengenezea programu yake mwenyewe asiinakili ndani ya /usr/bin, kwani kifurushi kitakachokuja na faili yenye jina hilohilo kitaifunika bila kuuliza. Mahali pake ni /usr/local, ambapo vifurushi vya Debian havina ruhusa ya kuweka faili zao. Mipangilio iliyomo katika /etc huheshimiwa zaidi: dpkg ikikuta kwamba msimamizi ameibadilisha faili ya namna hiyo, kwa kawaida humuuliza kabla ya kuweka toleo jipya mahali pake.

Isidhaniwe kwamba mjadala umefungwa. Mwaka 2022 Fedora, ambayo hutumia kidhibiti kiitwacho RPM, ilihamisha leja yake katika toleo la 36 kutoka /var/lib/rpm hadi /usr/lib/sysimage/rpm. Sababu ilikuwa hii: mifumo kadhaa ya siku hizi huweza kuirudisha saraka ya usr katika hali ya juzi endapo mabadiliko ya jana yameleta matatizo. Ikiwa programu zimerudi juzi na leja imebaki leo, leja itakuwa inasema uongo. Hoja hiyo ina nguvu, ijapokuwa Debian imeendelea kuiweka leja yake katika /var/lib/dpkg.

Mwalimu mwenye kompyuta ya Debian au Ubuntu aweza kulifanya somo hili kwa vitendo. Baada ya kukiweka kifurushi cha hello, amri ya dpkg -L hello itaonyesha faili zake zote zilivyotawanyika, na dpkg -S /usr/bin/hello itajibu swali la kinyume, yaani faili hiyo ni ya kifurushi gani. Kisha wanafunzi wapime kwa amri ya du -sh ukubwa wa /var/cache/apt na wa /var/lib/dpkg, na kila mmoja aandike ni saraka ipi angeisafisha diski ikijaa, na kwa sababu gani.