Somo la Msafiri Aliyepangukiwa na Haja Zake

Alhamdulillahi, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Watu wengi wa pwani huenda bara kwa biashara, nao hutoka na siku iliyokwisha kupangwa saa kwa saa. Siku ile ikipanguka, mmoja hughadhibika akapoteza sala, na wa pili hutia mkono katika mali ya watu. Makusudio ya somo hili ni kubainisha yapi mtu ana ruhusa kuyageuza, na yapi hana.

Mfano wake: mtu ametoka Tanga, akalala Babati, na siku ya pili ana haja tatu. Kwanza, kumlipa mtu deni lake huko Mutuka. Pili, kumnunulia jirani yake mbaazi kwa fedha aliyopewa na jirani huyo. Tatu, kupanda basi la adhuhuri kwenda Arusha, mwendo wa zaidi ya kilomita 160. Akafika Mutuka asubuhi, mdai wake hayupo, amekwenda shamba, hatarudi illa alasiri. Akatafuta mbaazi, asizipate kwa bei aliyoambiwa. Maharage yako tele. Na basi halimngoji mtu. Afanyeje?

Ajue kwanza ya kuwa kupangukiwa si fedheha. Mwaka wa 6 wa Hijra (628 Miladi) Mtume, sala na salamu zimshukie, alitoka Madina pamoja na sahaba wapatao 1,400, wamehirimia Umra. Wakazuiliwa Hudaybiya, karibu na Makka, na suluhu ikaandikwa kwamba warudi, waje mwaka wa pili. Jambo hili liliwawia zito sahaba. Bibi Ummu Salama akamshauri Mtume atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyoe. Akafanya, na watu wakamfuata. Mwaka wa 7 wakaingia Makka wakafanya Umra yao. Basi mpango uligeuzwa, walakini ahadi haikuvunjwa. Hii ndiyo asili ya somo.

FUNGU LA KWANZA: Haja zake mwenyewe. Hizi ni mali yake; azitangulize na aziakhirishe atakavyo. Lakini deni si haja yake peke yake, ni haki ya mtu. Likiwa limefika muda wake, na mwenyewe analitaka, na mlipaji anayo mali, kumcheleweshea ni dhulma, kama ilivyothubutu katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Basi na ampigie simu mdai wake. Akiridhia kupelekewa fedha kwa simu, au kumkabidhi wakili wake, au kungoja, mambo yamekwisha. Asiporidhia, na amngoje hata alasiri, basi liende zake. Nauli iliyopotea ni hasara ndogo kuliko dhulma.

FUNGU LA PILI: Haki ya Mola wake. Sala haifutwi na shughuli, walakini sharia imempa msafiri wasaa. Safari yake ikiwa ya halali, na yapata marhala mbili, yaani kilomita 80 na kitu, ana ruhusa kupunguza sala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi haipunguzwi, na Alfajiri haikusanywi na sala yoyote. Akitaka kuiakhirisha Adhuhuri mpaka wakati wa Alasiri, ni sharti anuie hivyo kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka. Akijisahaulisha katika kukimbizana na basi, wakati ukatoka wala hakunuia, amepata dhambi, na sala yake imekuwa kadha. Na akisali nyuma ya imamu mkaazi, hapunguzi, bali atimiza nne.

Akikosa basi akalala siku nyingine, ungali usafiri wake. Akinuia kukaa siku nne kamili, pasi na siku ya kuingia na siku ya kutoka, ruhusa imekatika. Ama akiwa anangoja haja anayoitarajia kuisha wakati wowote, ana ruhusa mpaka siku 18.

FUNGU LA TATU: Amana ya watu. Hapa ndipo wengi huteleza. Aliyepewa fedha anunue mbaazi ni wakili, na wakili hapiti mpaka aliowekewa. Hana ruhusa kununua maharage kwa kudhani kuwa jirani atafurahi, wala kuzidisha bei. Akinunua kitu kingine kwa fedha ile ile hasa, biashara haikusihi. Na akinunua kwa dhima yake, kitu kile ni chake mwenyewe, na fedha ya jirani yamlazimu kuirudisha. Wala asiseme, "Mbaazi na maharage ni mamoja." Mwaka 2017 India ilipoweka mpaka wa mbaazi zitakazoingia nchini mwake, bei ilianguka sana Tanzania, mwenye mali huenda ana hesabu yake asiyoijua mjumbe. Leo mwenyewe yuko karibu kwa simu: ya nini kudhani? Na aulizwe, akiruhusu, ni halali, asiporuhusu, fedha irudi kama ilivyokwenda.

Na lililo zito kuliko hayo ni kuichukua fedha ya amana kwa nauli ya basi la pili, kwa nia ya kulipa afikapo. Nia hiyo haimwokoi. Amekwisha kuhini, na dhamana i juu yake tangu saa ile.

Basi kwa ufupi: cha nafsi yako kigeuze, cha Mola wako kifanye kwa ruhusa aliyoiweka, cha mwenzio usikiguse mpaka umuulize. Na kila upangapo ya kesho, yategemeze na kutaka kwake Mwenyezi Mungu, kama alivyoamrisha katika Surat al-Kahf.

Wallahu aalam.